Gata za Nyumba na Baridi ya Minnesota: Kazi ya Oktoba Inayookoa Paa Februari

Baridi yetu ya kwanza katika nyumba tuliyonunua Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, jimbo la Minnesota huku Marekani, ilitufundisha usiku wa manane. Ilikuwa Februari. Tulisikia mlio kama wa mbao inayopasuliwa, kimya kidogo, kisha kishindo kilichotikisa dirisha la sebuleni. Mume wangu alidhani gari limegonga ukuta. Kulipokucha tukaikuta gata ya mbele, futi 30 nzima, imelala juu ya theluji. Ndani yake mlikuwa na barafu tangu mwanzo hadi mwisho, kama sabuni ya mche ambayo haijakatwa. Misumari ilikuwa imechomoka pamoja na vipande vya fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa unaobeba gata.

Mimi nililaumu baridi. Fundi mzee aliyekuja kuangalia aliokota kipande cha ile barafu, akakielekeza kwenye mwanga, akanionyesha majani ya mti wa mepo yaliyogandia humo, tabaka juu ya tabaka, mekundu vilevile. Yalikuwa majani ya Oktoba. Gata yetu iliharibika Oktoba, tukaja kuusikia mshindo wake Februari.

Nawaandikia wenzangu mnaonunua nyumba huku kwenye theluji, hasa mliokulia kwenye bati kama mimi. Kwetu Mombasa gata ni ya kukinga maji yaende tangini, na maji yakimwagika nje ya tangi mtu anaona uchungu. Huku mambo ni kinyume. Maji yanatakiwa yashuke upesi na yafukuzwe mbali na nyumba, kwa sababu chini ya nyumba kuna besimenti, yaani vyumba vilivyo chini ya ardhi, na udongo ukilowa kando ya msingi maji hutafuta njia ya kuingia. Paa lenye eneo la mita 100 za mraba likinyeshewa milimita 25 tu hushusha lita 2,500. Hizo ni ndoo 125 za lita 20. Kwa hiyo ushauri wa kuing'oa gata ili isisumbuliwe na barafu, ambao nimeusikia kwa jirani zaidi ya mmoja, mimi siukubali.

Kinachoiua gata ni nini

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Yakiwa yametuama kwenye gata, hayana pa kwenda: hupanua viungo vya pembeni, huchana silikoni, hupasua bomba la kushushia maji kwenye mshono wake wa nyuma. Yakiyeyuka mchana na kuganda tena usiku, kazi hiyo hurudiwa, na huku Machi inaweza kurudiwa siku kumi mfululizo.

Halafu uzito. Gata ya kawaida ya hapa ina upana wa inchi 5 juu. Ikijaa barafu hubeba karibu kilo 9 kwa kila mita, hujahesabu theluji iliyokaa juu yake wala miiba ya barafu inayoning'inia chini. Ile yetu ya futi 30 ilikuwa na kilo zaidi ya 80. Ni sawa na mtu mzima kulala juu ya misumari kumi na kitu kwa wiki sita.

Na alumini yenyewe husinyaa kwa baridi. Gata ya mita 10 iliyofungwa siku ya nyuzi 30 za Selsiasi hupungua urefu kwa milimita 14 hivi baridi ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri, na Minneapolis huifikia baridi hiyo. Mwishoni mwa Januari 2019 ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Milimita 14 ni nafasi tosha ya kiungo kuachia. Gata za plastiki zina tatizo jingine: baridi kali huzifanya ngumu na dhaifu kama biskuti, ngazi ikizigusa tu zinakatika. Kama ndiyo kwanza unaweka gata, weka alumini.

Sababu ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, na inatoka ndani ya nyumba. Nitaifikia kwenye hatua ya 7, na usiiruke.

Hatua ya 1: Chagua siku

Safisha gata majani yakishapukutika karibu yote na kabla maji hayajaanza kuganda mchana. Kwa Minneapolis na St. Paul hiyo ni wiki ya mwisho ya Oktoba hadi wiki ya kwanza ya Novemba. Ukiwa na mwaloni karibu na nyumba, jipange kwa raundi mbili, maana mwaloni huachia majani yake kwa kuchelewa na kwa ubahili. Ila kazi ya kuziba viungo kwa silikoni ifanye mapema, Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, kwa kuwa silikoni nyingi hazishiki vizuri joto likiwa chini ya nyuzi 5.

Subiri siku mbili au tatu za jua. Majani makavu hutoka kwa mkono, yakilowa huwa uji.

Hatua ya 2: Ngazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu gata inanunulika na mgongo wako haununuliki.

Mguu wa ngazi uwe futi 1 mbali na ukuta kwa kila futi 4 za kwenda juu. Ikiwa ukingo wa paa uko futi 12 kutoka chini, miguu ya ngazi ikae futi 3 kutoka ukutani. Ncha ya ngazi ipite ukingo wa paa kwa futi 3. Ngazi usiiegemeze juu ya gata. Alumini ni nyembamba, itabonyea, na palipobonyea ndipo maji yatakapotuama na kuganda. Madukani kunauzwa mkono wa chuma unaofungwa juu ya ngazi ili iegemee paa au ukuta. Nunua huo kabla ya kitu kingine chochote.

Kabla ya kuinua ngazi, tazama juu. Waya wa umeme unaotoka kwenye nguzo ya mtaani huingia nyumbani mara nyingi karibu kabisa na pembe ya paa. Kaa mbali nao angalau futi 10, wewe na ngazi yako.

Ukiwa juu, kitovu chako kibaki kati ya miti miwili ya ngazi. Kikipita nje, umeshajinyoosha kupita kiasi. Shuka, sogeza ngazi, panda tena. Ndiyo, utashuka na kupanda mara ishirini, na kazi hii ndivyo ilivyo. Mtu mmoja awe chini ameshika ngazi, asiwe na simu mkononi. Na ardhi ikishaganda, au kukiwa na umande wa barafu kwenye vidato, usipande hata kidogo.

Hatua ya 3: Toa uchafu

Vifaa ni vichache: glavu nzito za mpira, mwiko wa plastiki (wa chuma huchubua rangi), ndoo yenye kulabu ya kuning'iniza kwenye ngazi, na mpira wa maji.

Anza kwenye tundu la bomba la kushushia maji. Lizibe kwa kitambaa ili uchafu usidondokee humo, kisha rudi nyuma ukichota kuelekea upande usio na tundu. Juu utakuta majani. Chini ya majani kuna tope jeusi lenye harufu ya ardhi ya shamba, na chini kabisa punje za kijivu kama mchanga wa pwani. Hizo punje ni za vigae vya lami vya paa lako. Chache ni kawaida. Zikiwa viganja kwa viganja, paa limezeeka, na ni vizuri ulijue sasa kuliko Machi. Mwaka uliopita nilikuta miche midogo ya mepo imeota kwenye hilo tope, na mizizi yake imeshikana kama mkeka. Nikavuta mmoja ukaja wote.

Uchafu ukiisha, toa kitambaa na mwagilia kuanzia mwisho wa mbali kuelekea kwenye tundu.

Hatua ya 4: Bomba la kushushia maji

Maji yakipanda kwenye tundu badala ya kushuka, bomba limeziba, na takriban mara zote limeziba kwenye elbo, yaani kona ya bomba, ama ile ya juu inayorudi ukutani au ile ya chini. Ligonge kwa kifundo cha kidole kutoka chini kwenda juu. Lililo tupu hulia kama debe, palipoziba hutoa sauti ya kitu kilichojaa. Ingiza mpira kutoka chini na fungulia maji kwa nguvu. Ikishindikana, fungua skrubu mbili za elbo, itoe, isafishe chini, rudisha. Usiache kwa matumaini kwamba mvua itasukuma. Bomba lililoziba hujaa maji hadi juu, na likiganda likiwa limejaa, hupasuka.

Nyumba nyingine zina bomba linaloingia ardhini moja kwa moja. Hilo huziba na kuganda pasipoonekana. Kama lako liko hivyo na maji hayapiti kwa kasi, kwa kipindi cha baridi likate juu ya ardhi na uweke kipande cha kupeleka maji uani.

Hatua ya 5: Mwinuko, braketi na fishabodi

Mwaga ndoo moja ya maji mwisho wa mbali wa gata. Subiri dakika 15. Panda uangalie. Palipobaki kidimbwi ndipo barafu itakapoanzia.

Gata inapaswa kuinama inchi robo kwa kila futi 10, yaani milimita 6 kwa mita 3. Hiyo ni kidogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuipima. Funga uzi kutoka mwanzo hadi mwisho, tumia pimamaji, na urekebishe braketi, vile vishikio vya gata, moja moja. Gata ndefu kuliko futi 40 ni bora iwe na mabomba mawili, kila upande moja.

Kuhusu braketi nina msimamo. Nyumba za zamani gata zake zimeshikwa na msumari mrefu unaopita ndani ya gata. Kila barafu inapokuja msumari huo hutoka kidogo, kisha mtu huupiga nyundo urudi kwenye tundu lilelile lililolegea, na mwakani unatoka tena. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yetu. Ing'oe misumari yote polepole na uweke braketi za ndani zinazofungwa kwa skrubu ndefu. Sehemu zisizo na theluji watu huziweka kila inchi 24. Hapa usizidi inchi 18, na mimi niliweka kila inchi 16. Gharama iliyoongezeka ilikuwa ndogo, nami usiku nalala.

Skrubu nzuri kwenye ubao uliooza ni kazi bure. Chukua bisibisi, bonyeza fishabodi nyuma ya gata na chini yake. Ikizama kama kwenye ndizi mbivu, ubao huo ubadilishwe kwanza. Na ukiwa hapo angalia mdomo wa nje wa gata: uwe chini kidogo ya mstari wa mteremko wa paa. Theluji inayoteleza ipite juu yake, isiigonge kifuani.

Hatua ya 6: Viungo, na maji yanakokwenda

Viungo vya pembeni na vifuniko vya mwisho ndivyo vinavyovuja. Kwangua silikoni ya zamani, futa kwa spiriti, acha pakauke kabisa, kisha paka silikoni ya gata kwa ndani. Usipake mpya juu ya kuukuu, haitashika.

Mwisho wa bomba uongezewe kipande kinachopeleka maji futi 6 kutoka kwenye msingi, kwenye ardhi inayoshuka kuondoka nyumbani. Hakikisha hayamwagiki kwenye njia ya miguu wala mbele ya gereji. Maji ya mchana huko huwa kioo usiku, na mtu wa kwanza kuteleza huwa mtoto anayekimbilia basi la shule au mama mkwe aliyekuja kutembea. Isitoshe jiji la Minneapolis linamtaka mwenye nyumba aondoe theluji na barafu kwenye njia ya miguu mbele yake ndani ya saa 24 baada ya theluji kuacha kuanguka. Usijitengenezee barafu ya ziada.

Najua wengi wetu tunaweka pipa la kukinga maji, tabia haiachwi. Ni jambo jema wakati wa kiangazi. Sasa limwage, ligeuze kifudifudi, na urudishe bomba kwenye njia yake ya kawaida, la sivyo pipa litapasuka na bomba nalo. Ukimaliza kuosha gata chomoa mpira wa maji kwenye bomba la nje na ufunge valvu yake kwa ndani. Mpira ulioachwa umeunganishwa huganda na kupasua bomba lililomo ukutani.

Nyavu za kufunika gata? Husaidia kuzuia majani, hazizuii barafu. Matundu madogo hasa hushika theluji juu yake. Kama nyumba yako iko chini ya miti mikubwa na huwezi kupanda ngazi, ziweke. Kama unaweza kusafisha mara mbili kwa mwaka, fedha hizo zipeleke kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya 7: Panda darini

Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, na ndiyo niliyotaka kuandika tangu mwanzo.

Theluji ikikaa juu ya paa, joto la nyumba likipenya darini, yaani kwenye nafasi iliyo kati ya dari na paa, huyeyusha theluji hiyo kwa chini. Maji hutelemka chini ya theluji hadi kwenye upenu. Upenu hauna chumba chini yake, ni baridi kama nje. Maji hufika hapo yakaganda. Siku ya pili yanaganda juu ya yale ya jana. Baada ya wiki una ukuta wa barafu kwenye ukingo wa paa, na maji mapya yakishuka yanakuta njia imefungwa, yanarudi nyuma, yanapanda chini ya vigae vya lami, yanaingia kwenye mbao, kisha kwenye dari ya chumba cha kulala. Majira ya baridi ya 2022 hadi 2023, Minneapolis na St. Paul zilipopata zaidi ya inchi 90 za theluji wakati wastani ni inchi 51 hivi, ukuta huo ulionekana mtaa mzima.

Gata huonekana kama ndiyo yenye kosa kwa sababu barafu inaning'inia kwake. Lakini nyumba isiyo na gata nayo hupata ukuta huohuo. Gata iliyojaa huongeza tu uzito na madhara. Chanzo ni joto linalopotea.

Kipimo rahisi hakihitaji kupanda popote. Siku mbili baada ya theluji kuanguka, simama ng'ambo ya barabara uangalie mapaa. Paa lenye theluji nene iliyolingana, darini kwake kuko sawa. Paa lenye madoa yaliyoyeyuka katikati huku upenu wake ukiwa na miiba ya barafu, hapo joto linatoka. Letu lilikuwa na doa la duara juu ya bafu, kama mtu aliyeota upara.

Ukipanda darini, kanyaga juu ya kenchi peke yake. Ukikanyaga katikati mguu utatokea sebuleni. Vaa barakoa na mikono mirefu, ile sufi ya fiberglasi inayotandazwa darini kuzuia joto lisipotee inawasha. Januari, ukimulika tochi, unaweza kukuta ncha za misumari ya paa zimevaa barafu nyeupe kila moja, kama vibiriti vilivyopangwa. Hiyo ni pumzi ya nyumba yako: mvuke wa bafu, wa chungu cha maharage kilichochemka mchana kutwa, wa nguo zilizoanikwa ndani, umepanda na kuganda huko.

Fanya kwa mpangilio huu, na usiugeuze.

Kwanza ziba hewa inayovuja. Tafuta palipozunguka bomba la choo linalopanda paani, penye waya za umeme, penye taa zilizochimbiwa kwenye dari, na penye mlango wa kuingilia darini. Mlango huo mara nyingi ni kipande cha ubao tu kilicholala, uwekee mpira pembeni na sufi nene mgongoni. Nafasi ndogo zijaze povu la kopo. Penye bomba la moshi la hita usitumie povu la kawaida, panahitaji bati na silikoni isiyoungua, na hapo bora umwite anayejua. Feni ya bafu kama inapulizia darini, iunganishe bomba hadi nje.

Pili ongeza sufi. Kiwango cha nyumba za hapa ni R-49, kipimo cha jinsi sufi inavyozuia joto, na namba hiyo imeandikwa kwenye mfuko. Kwa sufi ya karatasi ya kumwagwa ni kina cha sentimita 35 hadi 40. Ikiwa darini kwako unaona vichwa vya mbao vimechomoza juu ya sufi, una pungufu kubwa.

Tatu linda njia ya hewa. Chini ya upenu kuna matundu ya kuingiza hewa baridi, na mgongoni mwa paa kuna ya kuitoa. Sufi ikisukumwa hadi pembeni huyaziba. Weka vile vibao vya povu vyenye mfereji kati ya kenchi, kisha ndipo umwage sufi. Dari ya baridi iliyo juu ya chumba chenye joto, hiyo ndiyo salama ya gata yako.

Tulitumia wikendi mbili na fedha ambayo haikufika hata nusu ya bei ya gata mpya ya nyumba nzima. Kwanza lile doa la upara lilipotea, halafu na bili ya gesi ikashuka. Ukiwa mpangaji darini si kwako, ila piga picha za paa siku ya pili baada ya theluji na umwandikie mwenye nyumba, kwa maandishi.

Hatua ya 8: Theluji ikishafika

Nunua reki ya paa yenye mpini mrefu wa kuungaunga. Theluji ikizidi inchi 6, simama chini na uvute ile ya futi 3 hadi 4 za mwisho kwenye ukingo. Acha tabaka jembamba, usikwangue hadi kwenye vigae. Simama pembeni, kwa kuwa theluji inayoanguka ni nzito kuliko inavyoonekana, na mpini wa alumini usikaribie waya wa umeme. Ukimaliza zunguka nyumba uangalie lile bomba la plastiki linalotoa hewa ya hita ukutani. Likifunikwa na theluji uliyoishusha, gesi ya monoksidi ya kaboni inaweza kurudi ndani, nayo haina harufu. Lifukue kwa mkono, siku hiyohiyo.

Miiba ya barafu ikining'inia kwenye gata usiipige. Ikivunjika huvuta gata pamoja nayo. Usitumie shoka, nyundo wala moto. Kuna mtaani kwetu aliyemimina maji ya moto: yakayeyusha kidogo, yakaganda yote kwenye bomba la kushushia maji.

Ukuta wa barafu ukishajijenga na maji yakaanza kuingia ndani, jaza soksi ndefu ya kike kalsiamu kloraidi, ile ya punje, uilaze ikikata ukuta huo kutoka juu kwenda chini na ncha yake itokeze juu ya gata. Taratibu itachimba mfereji maji yapite. Iweke kwa kutumia mpini ukiwa chini. Chumvi ya kawaida ya mawe usiitie paani, hula chuma na kuua maua chini, na kwenye baridi kali haifanyi kazi. Hata kalsiamu si ya kila wiki, nayo hula alumini ikikaa. Hiyo ni huduma ya kwanza. Barafu ikiwa kubwa, ita watu wenye mashine ya mvuke, na uwaulize kabla hawajaja kama ni mvuke kweli au maji ya shinikizo, kwa kuwa maji ya shinikizo hung'oa vigae. Dari ikifura maji kama tumbo, weka ndoo chini na toboa tundu dogo katikati ya uvimbe, yatoke hapo badala ya kuangusha dari nzima. Piga picha zote kabla ya kusafisha na usome mkataba wako wa bima ujue unalipa nini.

Waya wa joto unaotandazwa kwa mikunjo kwenye ukingo wa paa na ndani ya gata husaidia penye kona ngumu, kama mapaa mawili yanapokutana. Ufungwe Oktoba paa likiwa kavu, uchomekwe kwenye soketi ya nje inayojikata yenyewe maji yakigusa, na uingie hadi ndani ya bomba la kushushia maji, kwa sababu ukiyeyusha juu na chini kumeganda hujafanya kitu. Hula umeme, na hauchukui nafasi ya hatua ya 7.

Hatua ya 9: Machi

Siku ya kwanza joto linapopita sifuri, toka nje saa nane mchana usimame kando ya kila bomba. Usikilize. Bomba lisiloziba hulia maji yakikimbia ndani yake na hutema kule mwisho, futi 6 mbali. Lililo kimya huku paa likidondoka, weka alama ya chaki ukutani hapo. Aprili, ardhi ikishakauka na ngazi ikipata pa kusimama, anzia kwenye alama hizo: braketi zilizolegea, pembe zinazovuja, elbo iliyopasuka mgongoni. Mwaka huu nilikuwa na alama moja tu, upande wa gereji, na ndani ya elbo nilikuta mpira wa tenisi wa mtoto.